Paka Watatu Chini ya Sahani

Mchele umo kwenye beseni, si wa kupikwa.
Ndani yake nimesimamisha nusu ya sahani,
imezama hadi kiunoni kama mtu anayeoga mtoni,
inasubiri nusu yake.

Nje, Viseu inanyeshewa tangu Jumapili.
Juu ya meza ya jikoni: asetoni, pamba,
mirija miwili ya gundi, njiti ya kiberiti,
na vigae kumi na kimoja juu ya gazeti la juzi.
Nimevihesabu mara nne, nikitaraji kumi na viwili.

Sahani ya mama, ya umbo la majani ya kabichi,
ilitoka kabatini siku moja tu kwa mwaka,
usiku wa Krismasi, imebeba ng'onda na viazi.
Siku nyingine zote ilikuwa amri:
Usiguse, Deolinda.
Jina langu nimelisikia zaidi ndani ya sentensi hiyo
kuliko ndani ya nyingine yoyote.

Sikuiangusha. Mkono haukuteleza.
Niandike ilivyokuwa:
Anselmo alikuwa kwenye simu, anataja bei ya nyumba,
anaitaja kama mtu anayesoma uzito wa vitunguu mizanini,
na sahani ilikuwa karibu.

Gundi inadai usawa, tone kwa tone.
Ukizidisha huku, haigandi;
ukipunja kule, inalia machozi wiki nzima.
Dakika tano, yasema karatasi.
Baada ya hapo huna ruhusa ya kubadili nia.

Nimeanza na vikubwa. Ukingo kwa ukingo,
nikisikiliza kwa ukucha:
vikikutana sawasawa, ukucha unapita kimya;
visipokutana unakwama,
kama ulimi kwenye jino lililomeguka.

Kile cha kumi na mbili nimekikuta mbele ya friji,
chini ya kisigino changu mwenyewe.
Kimekuwa unga.
Na unga hauungwi.

Ndipo nilipoigeuza tako juu.
Chini, ambako hakuna mgeni anayetazama,
umepita ufa mwingine, wa zamani,
mweusi kwa mafuta ya zeituni ya miaka hamsini,
na juu yake vibanio vitatu vya chuma
vimeuma huku na huku.
Kwetu huviita paka,
nadhani kwa jinsi vinavyong'ang'ania.
Aliyevipachika ni mnoa visu,
yule wa baiskeli na filimbi, aliyenoa mikasi,
akashona miavuli, akatia paka kwenye bakuli za watu,
na ambaye, walisema, akipuliza tu, mvua inakuja.

Kumbe ilikwisha kuvunjika.
Miaka yote ile mama aliiweka mezani uso juu,
akatufundisha kuihofia nzima yake.

Nataka kumpigia Anselmo. Simu inakataa kidole gumba:
gundi imefuta mistari yangu, hainitambui.
Nabonyeza namba ya siri,
tarakimu baada ya tarakimu, mwaka aliozaliwa mama.

"Nani aliivunja mara ya kwanza?"
Kimya. Nasikia kijiko kikizunguka kikombe chake huko Porto.
"Wewe," anasema. "Ulikuwa na miaka mitatu.
Ulitaka kuwapelekea kuku jani."
Kisha: "Mama aliapa, atakayekuambia
atalala bila kula. Nilikuwa na miaka tisa.
Nilipenda kula."

Hakutaja bei. Nami sikuitaja.
Tulisikilizana mvua, yake na yangu,
mpaka chai yake ikapoa, akaniambia imepoa.

Limebaki tundu la ukubwa wa harage. Sikulijaza.
Krismasi mafuta yatavuja kidogo kwenye kitambaa,
na mtu atauliza.

Mchele nimeuchambua mara mbili.
Bado kuna kitu kidogo cha kijani
kinachometameta.